Yule mama asiye na uso kwenye katuni: watoto wetu wanajifunza nini mbele ya TV?

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika usiku kwa siku nne, watoto wakishalala. Mwenye mtoto wa kati ya miaka mitatu na kumi naomba ausome wote kabla hajachangia, maana jambo lenyewe liko sebuleni kwake.

Jumamosi mbili zilizopita asubuhi nilikuwa nyumbani na binti yangu wa miaka sita. Yeye kakaa chini kwenye zulia na kikombe chake cha uji, mimi niko kwenye kochi na simu. TV ilikuwa inaonyesha Tom na Jerry, zile za zamani. Hizo sote tumekua nazo, kwa hiyo hata sikuinua macho. Mara akaniuliza, "Baba, huyu mama mbona hana uso?"

Nikatazama. Kwenye kioo kulikuwa na miguu minene myeusi, soksi zimeshuka, ndara, gauni, aproni na ufagio mkononi. Sauti nzito inamgombeza paka. Picha haipandi hata mara moja kufika shingoni. Nimeitazama katuni hiyo tangu niko shule ya msingi na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Nikamwambia sijui, mwanangu. Akanywa funda la uji, akasema, "Labda ana sura mbaya, ndiyo maana hawataki kumwonyesha."

Nilinyamaza. Sikuwa na la kusema.

Mchana akachukua daftari lake la kuchora. Akatuchora familia nzima: mimi, mama yake, kaka yake na yeye mwenyewe. Wote akatupaka ile penseli ya rangi ya waridi iliyofifia. Nikamuuliza mbona hakutumia kahawia. Akanijibu pale pale, "Hii ndiyo rangi ya watu, baba. Kahawia ni ya miti." Jamani, mimi na mama yake ni weusi tititi, na mtaani kwetu hakuna Mzungu hata mmoja. Watu wa rangi hiyo amewaona wapi, kama si kwenye TV na kwenye vitabu vya picha?

Baadaye nikaja kusoma kwamba hata huko Marekani kampuni ya Crayola ilikuwa na kalamu ya rangi hiyo hiyo ya waridi iliyoitwa kwa jina la ngozi ya mwili, kana kwamba mwili wa binadamu una rangi moja. Ni mwaka 1962 ndipo walipolibadilisha jina, wakaipa jina la tunda.

Nikaanza kufuatilia. Yule mama anajulikana kwa jina la Mammy Two Shoes. Alianza kuonekana kwenye katuni ya kwanza kabisa ya paka na panya hao, mwaka 1940, akaendelea mpaka 1952. Hiyo "mammy" ni sura ya zamani sana Marekani, ilianza tangu enzi za utumwa: mwanamke mweusi mnene, mtumishi katika nyumba ya Wazungu, mkali jikoni, asiye na mume wala mtoto wala maisha yake mwenyewe. Aliyempa sauti alikuwa mwigizaji mweusi, Lillian Randolph, na jina lake halikuandikwa pale mwanzoni wanapotajwa walioitengeneza katuni. Miaka ya 1960, malalamiko yalipozidi, baadhi ya katuni hizo zilichorwa upya kwa ajili ya TV na yule mama akageuzwa mwanamke mweupe mwembamba. Fikirieni hilo. Mwanzoni walimnyima uso, na walipotaka kurekebisha wakamwondoa mzima mzima.

Na yapo mengine kwenye katuni hiyo hiyo. Baruti inalipuka, moshi ukitoka paka amekuwa mweusi, midomo imevimba, nywele zimesimama kwa vifungo. Watoto wanaangua kicheko. Mchezo huo una asili. Marekani katika karne ya 19 Wazungu walikuwa wakijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wanajichora midomo mikubwa, wanapanda jukwaani kuigiza mtu mweusi mjinga mpenda ngoma. Msidhani ulikufa zamani. Uingereza, BBC walikuwa na kipindi cha muziki cha namna hiyo, familia nzima inakaa kukitazama, kuanzia 1958 hadi 1978. Miaka ishirini! Na mwaka 1967 watu walipeleka maombi kiondolewe, hawakusikilizwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tumewahi kuwa macho zaidi kuliko tulivyo leo. Marekani kulikuwa na Amos 'n' Andy, vichekesho vilivyoanza redioni mwaka 1928, Wazungu wawili wakiigiza sauti za watu weusi wababaishaji. Mwaka 1951 kikaingia kwenye TV, safari hii kwa waigizaji weusi, lakini tabia zikabaki zile zile: mjanja asiyefanikiwa, wakili tapeli, mvivu anayekokota miguu. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kilikipinga tangu mwanzo. Mwaka 1963 kampuni ikatangaza kwamba imeviuza vipindi hivyo Kenya na Nigeria ya Magharibi. Haikuchukua muda, ofisa wa serikali ya Kenya akatangaza kwamba kwao kitapigwa marufuku. TV yenyewe Kenya ilikuwa na mwaka mmoja hivi tangu ianze! Nchi inanukia uhuru, TV ni za kuhesabu, lakini mtu alikaa akajiuliza: hiki kitatuambia sisi ni nani? Leo king'amuzi kina njia za katuni saa ishirini na nne, na anayeuliza swali hilo ni mtoto wa miaka sita.

Naomba nieleweke. Kwenye katuni ile hakuna aliyemtukana mtu mweusi. Hatari ninayoiona mimi iko hapo hapo. Tusi mtoto analisikia, anakuja kukuuliza maana yake, unapata nafasi ya kumkanya. Lakini nafasi aliyopewa mtu kwenye hadithi haipigi kelele. Nani ana uso na nani ana miguu tu. Nani ana kwao, ana mama, ana jina, na nani anatokea kufagia halafu anapotea. Mtoto anameza hayo pamoja na uji, kila siku, miaka mitano sita, na hakuna siku atakayokuuliza kwa sababu kwake hiyo ndiyo dunia ilivyo. Wangu aliuliza, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Kuna moja linalotugusa sisi wenye Kiswahili kuliko watu wote. The Lion King, ya mwaka 1994. Tuliifurahia sana: Simba, Rafiki, Pumbaa, lugha yetu inasikika dunia nzima. Sasa tazameni fisi. Kiongozi wao anaitwa Shenzi. Mmarekani hajui uzito wa neno hilo. Sisi tunajua. Ndilo neno watu wa pwani walilowaitia watu wa bara, wakaja wakoloni wakalidaka na kutuita sisi sote. Fisi wanakaa gizani, kwenye makaburi ya tembo, wamekatazwa kuvuka mpaka wa nchi yenye mwanga. Sauti ya Shenzi ni ya Whoopi Goldberg, mweusi, na mwenzake mmoja ni Cheech Marin, Mmarekani wa asili ya Mexico, nao wanaongea kama watu wa mitaa ya maskini wa mjini. Ni kweli Mufasa mfalme naye sauti yake ni ya mtu mweusi, James Earl Jones, sitaki kuficha hilo. Lakini Mufasa anaongea Kiingereza cha kifalme. Mtoto hajui rangi ya mwenye sauti. Anachojifunza ni kwamba kuna namna ya kuongea ya wafalme na kuna namna ya kuongea ya fisi.

Kwenye kipindi cha TV kilichofuata, The Lion Guard, kilichoanza rasmi 2016, walijitahidi. Wakamleta fisi jike mwema, anaitwa Jasiri, na sehemu nzima ikazungumzia kutomhukumu fisi kwa madoa yake. Binti yangu anampenda Jasiri. Kumbe inawezekana.

Naomba michango. Nyumbani kwenu mnafanyaje? Watoto wenu wamewahi kusema neno lililowashtua?

—

Mama Mapacha, Nairobi:

Asante sana kwa uzi huu, kaka. Nina mapacha wa miaka mitano na nimesoma kila neno. Lakini tusiwalaumu Wamarekani peke yao. Vichekesho vingi vya TV zetu wenyewe, tangu nikiwa mdogo, mtumishi wa nyumbani lazima awe na lafudhi nzito ya kwao, aogope pasi ya umeme, aseme "r" mahali pa "l" watu wacheke. Mlinzi naye ana kabila lake. Muuza duka ana kabila lake. Mhindi lazima awe bahili na Kiswahili chake kiwe kimevunjika. Tangu lini tuliambiwa Mhindi wa Mombasa hajui Kiswahili? Wengine wanakijua kutushinda sisi wa Nairobi.

Mwezi wa pili mmoja wa mapacha alikataa kutumwa na dada anayetusaidia. Akamwigiza anavyoongea, mbele yake, kwa lafudhi ile ile ya kwenye TV. Dada huyu hana hata lafudhi hiyo! Anatoka upande mwingine kabisa wa nchi. Mtoto alimvika sauti aliyoisikia kwenye kioo kwa sababu ndiyo sauti ya "msichana wa kazi" anayoijua. Niliona jinsi dada alivyoinamisha kichwa akaendelea kukunja nguo. Nilimwomba msamaha mimi, kisha nikamwita mtoto naye akaomba.

—

Mkongwe wa Kona:

Mleta mada, heshima yako. Mimi nina miaka hamsini na mbili. Katuni hizo nimezitazama, sinema za Tarzan nimezitazama kwa jirani tukilipa hela ndogo, tunamshangilia Tarzan anavyowapiga Waafrika wenzetu. Mbona tuko sawa? Tumesoma, tumejenga, tunajivunia nchi zetu. Naona tunawabebesha watoto mzigo ambao wenyewe hawauoni. Mtoto anacheka na paka, wewe unamfundisha rangi. Nauliza kwa nia njema kabisa.

—

Mleta uzi:

Mzee wangu, shikamoo, na swali lako ni zuri. Nimelifikiria tangu jana.

Kwanza hilo la kumshangilia Tarzan. Umelitaja mwenyewe. Watoto weusi, kwenye nchi ya weusi, wanashangilia kupigwa kwa watu wanaofanana na baba zao. Hakuna aliyewafundisha rangi wakati ule, na bado walijua wa kumshangilia ni nani.

Na je, kweli tuko sawa? Kizazi chetu ndicho kilichopaka mkorogo. Dada zetu wameungua mashavu na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Ndicho kizazi kinachomsifia mtoto mchanga kwa kusema "mweupe huyo, mzuri". Sisemi TV peke yake ndiyo iliyoleta haya. Mume na mke wanasaikolojia wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, walifanya utafiti wao maarufu wa wanasesere kabla TV haijaingia majumbani. Watoto weusi 253, wa miaka mitatu hadi saba, wakawekewa wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, ndiye wanayetaka kucheza naye. Kisha wakaulizwa yupi anafanana na wewe. Baadhi walilia, baadhi walitoka mbio chumbani. Kulikuwa pia na zoezi la kujipaka rangi kwenye picha, na wapo waliojipaka rangi nyepesi kuliko ngozi yao. Niliposoma hapo nililikumbuka daftari la binti yangu. Utafiti huo ulitumika kwenye kesi ya Brown, na mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta ubaguzi wa shule.

Kwa hiyo sumu ilikuwapo kabla. TV imeipa bomba la kuifikisha kila nyumba.

Kuhusu TV yenyewe, mwaka 2012 Nicole Martins na Kristen Harrison walichapisha utafiti wao juu ya watoto karibu 400 wa Marekani, weusi na weupe, waliowafuatilia kwa mwaka mmoja. Kadiri watoto walivyotazama TV nyingi, ndivyo wavulana weusi, wasichana weusi na wasichana weupe walivyozidi kujiona hawana thamani. Kundi moja tu lilijiona bora zaidi: wavulana weupe. Watoto wote hao wanatazama kioo kile kile, mzee wangu. Tofauti ni nani anajikuta humo akiwa shujaa.

Na hilo la "mtoto haoni": watafiti walipima watoto wachanga wa miezi mitatu. Wa Ethiopia, waliozungukwa na watu weusi, walikazia macho zaidi sura nyeusi. Wa Israel waliozungukwa na weupe walikazia sura nyeupe. Lakini watoto wa asili ya Ethiopia waliokuwa wakikua Israel katikati ya watu wa rangi zote mbili hawakupendelea upande wowote. Miezi mitatu tu! Jicho la mtoto linafuata kile kinachomzunguka, na kioo ni sehemu ya kinachomzunguka.

—

Mama wa Uhamishoni, Uholanzi:

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, nina miaka kumi na nne huku, watoto wangu wamezaliwa huku. Nitawaambia yetu.

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi mwanzoni mwa wa kumi na mbili, huku kuna sikukuu ya watoto ya Sinterklaas, mzee mwenye ndevu nyeupe anayekuja na meli kuleta zawadi. Watumishi wake walikuwa wakiitwa Zwarte Piet, yaani Piet Mweusi. Wazungu walikuwa wakijipaka rangi nyeusi usoni, midomo myekundu, nywele za bandia za kipilipili, hereni kubwa, wakirukaruka na kupoteza vitu. Na kuna taarifa ya habari maalumu ya watoto kwenye TV ya taifa, kila jioni kwa wiki kadhaa, inayosimulia safari ya mzee na watumishi hao. Watoto wote wa shule wanaitazama. Ukimkataza wako, kesho darasani ni yeye peke yake asiyejua kilichotokea.

Kijana wangu alikuwa na miaka mitano. Alirudi shule siku moja akavua koti, akasimama mbele ya kioo cha korido. Akaniambia wenzake wamesema yeye ni Piet, hahitaji kujipaka. Aliyasema taratibu tu, hakulia. Usiku alipokuwa akioga alisugua mikono mpaka nikamshika.

Watu weusi wa nchi hii, wengi wao wa asili ya Suriname na visiwa vya Karibi, walipiga kelele miaka na miaka. Walitukanwa, wengine walikamatwa na polisi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi ikaiambia Uholanzi iondoe sura hizo za kudhalilisha. Mwaka 2019 mapokezi ya kitaifa yaliyorushwa na TV, mjini Apeldoorn, yakawa na watumishi wenye alama za masizi tu mashavuni, kama mtu aliyepita kwenye bomba la moshi. Watoto hawakulia. Sikukuu haikufa. Miaka yote tuliambiwa watoto watavunjika moyo, kumbe watoto walitaka pipi na zawadi.

Kijana wangu sasa ni mkubwa. Yeye mwenyewe ndiye hutazama TV pamoja na mdogo wake, na akiona jambo anazima sauti anamweleza.

—

Wa Vikokotoni, Muscat:

Assalaam alaykum. Na sisi huku tuna yetu. Aladdin ya 1992, wimbo wa mwanzo ulisema hiyo ni nchi ambako wanakukata sikio wasipoipenda sura yako. Watoto wanaimba! Waarabu wa Marekani walilalamika, na mwaka 1993 mstari huo ukabadilishwa kwenye kanda za kuuza, ingawa bado waliliacha neno la kuiita nchi yenyewe ya kishenzi. Na sikilizeni sauti: Aladdin na Jasmine wanaongea kama watoto wa Marekani, walinzi na wauza soko wanaongea kwa lafudhi ya Kiarabu. Wote ni watu wa mji mmoja! Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, kwa nini wabaya ndio wanaongea kama wewe?" Nilimpakata nikamsomea hadithi mimi mwenyewe, kwa sauti yangu hiyo hiyo. Tangu siku hiyo kila baada ya magharibi ni zamu yangu.

—

Mwalimu wa Chekechea, Morogoro:

Nimefundisha awali miaka kumi na moja. Anayesema mtoto haoni, aje darasani kwangu wakati wa maigizo. Wote wanataka kuwa malkia mwenye nywele ndefu, na wanajifunga kanga kichwani inaning'inia mgongoni ndiyo iwe nywele.

Lakini nataka kusema TV inaweza kujenga pia, na wabaguzi wenyewe walilijua hilo. Sesame Street ilipoanza Novemba 1969 ilionyesha watoto na watu wazima weusi na weupe wakikaa mtaa mmoja. Jimbo la Mississippi likaikataa mwaka 1970, kwa sababu hiyo hiyo, mpaka aibu ikawazidi wakairudisha baada ya siku ishirini na mbili. Mwaka ule wa 1969 Fred Rogers, kwenye kipindi chake cha watoto, alikaa na miguu yake kwenye maji ya beseni siku ya joto, akamkaribisha polisi mweusi, aliyeigizwa na François Clemmons, atumbukize na yake. Miguu minne kwenye maji mamoja, wakati Wazungu wa nchi ile walikuwa hawataki kuogelea na weusi. Hakuna hotuba iliyotolewa. Ukitaka kujua nafasi ya mtu kwenye hadithi inafanya kazi gani, ndiyo hiyo.

Kwetu hapa tuna Ubongo, watengenezaji wa katuni za kufundisha watoto, walioanza Dar es Salaam 2013. Katuni yao mmoja wa wahusika ni Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, anaongea Kiswahili, ana nywele kama za watoto wangu wa darasani. Kuna Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizochorwa Nairobi kwa mtindo wa Edward Tingatinga wa kwetu, zikaonyeshwa na BBC mwaka 2010. Kuna Super Sema ya Kenya. Siku nilipowaonyesha Akili kwa mara ya kwanza, mtoto mmoja alisimama akaenda kuigusa TV, pale kwenye nywele. Halafu akagusa zake.

Ninachofanya mimi ni kusimamisha picha katikati na kuuliza. Nani hajaongea mpaka sasa? Huyu anakaa wapi, mama yake ni nani? Watoto wa miaka mitano wanajibu maswali hayo kuliko mnavyodhani, na wakishazoea wanaanza kuuliza wenyewe.

—

Mkongwe wa Kona:

Nimesoma majibu yote, na lile la kijana aliyesugua mikono limenigusa. Naondoa neno langu la "tuko sawa". Ila niulize moja. Tukifungia kila kitu, watoto watabaki na nini? Kuna yule panya wa Mexico mwenye kofia, Speedy Gonzales. Nasikia walimwondoa, Wamexico wenyewe wakamtaka arudi.

—

Mleta uzi:

Ni kweli, mzee wangu. Cartoon Network walimweka kando mwaka 1999, na Walatino wa Marekani wakadai arudi, akarudi 2002. Walimpenda kwa sababu yeye ndiye mwenye akili, ndiye mwenye mbio, na kila siku anamshinda paka mkubwa. Lakini rafiki zake panya wengine wamechorwa wavivu na walevi, na hilo nalo lipo. Ndiyo maana sitaki kufungia. Katuni zile za zamani sijazifuta nyumbani. Nilichobadilisha ni kwamba sikai tena kwenye kochi na simu. Nashuka chini kwenye zulia.

Dada wa Nairobi, nimekuelewa sana kuhusu vichekesho vyetu. Jana kulikuwa na kimoja, mlinzi wa Kimasai anaogopa lifti. Nilimuuliza binti yangu kama yule Mmasai anayetuletea maziwa anaogopa lifti. Akafikiri, akasema, "Hapana. Yeye hata simba haogopi." Tukabadilisha njia.

Na Jumamosi hii tuliitazama tena ile ya mama asiye na uso, kwa makusudi. Nilimweleza kwamba aliyechora hakutaka tumwone, na kwamba aliyekuwa anaongea alikuwa mtu wa kweli. Nikatafuta picha ya Lillian Randolph kwenye simu, nikampa. Akaitazama muda mrefu. Akaenda kuchukua daftari na penseli ya kahawia, akachora miguu kama ile, soksi, aproni, ufagio, halafu akapanda juu: shingo, kidevu, mdomo, macho mawili makubwa. Akaniomba nimwandikie jina la huyo mama chini yake. Nikaliandika kwa herufi kubwa, naye akalifuata kwa kidole, herufi moja moja.